Umepoteza kazi Uingereza na mwenzi wako bado anafanya kazi: namna ya kudai mafao ya serikali

Jioni ya siku niliyoachishwa kazi ya ghala, simu tatu ziliingia, na wote watatu walisema neno lile lile: "Shemeji yuko kazini, usijisumbue na Jobcentre," yaani ofisi ya serikali ya ajira na mafao. Nikawasikiliza. Miezi minne baadaye nikakutana na mzee mmoja msibani, akaniuliza kama nimeshaanza kulipwa JSA yangu. Sikujua hata anazungumzia nini. Nilipoomba nikalipwa kuanzia pale. Miezi iliyopita ilikuwa imeshakwenda na maji, maana "sikujua" haikukubaliwa kuwa sababu ya kunirudishia.

Wale jamaa hawakuwa waongo. Walichanganya mifuko miwili, na watu wetu wengi huku huichanganya. Mfuko wa kwanza ni ule uliouchangia mwenyewe kwa makato ya National Insurance, yaani bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara, na unakuuliza swali moja tu: ulichangia? Mshahara wa mkeo au mumeo hauuhusu. Mfuko wa pili ni wa kaya nzima, na wenyewe unauliza kila kitu: nani mnalala naye nyumba moja, analipwa kiasi gani, mna akiba gani, mna kiwanja wapi. Mfuko wa kwanza unaitwa New Style Jobseeker's Allowance, nitauita JSA. Wa pili ni Universal Credit, nitauita UC. Anza na wa kwanza siku zote.

Viwango vyote nitakavyovitaja ni vya mwaka wa kodi 2025/26. Hubadilika kila Aprili, kwa hiyo ukisoma baadaye, chukua namna ya kupiga hesabu na utafute tarakimu mpya kwenye tovuti ya serikali, gov.uk.

Hatua ya kwanza: tazama rekodi yako ya National Insurance

Usiende Jobcentre gizani. Ingia kwenye akaunti yako ya kodi ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, au programu yao ya simu, ufungue sehemu ya National Insurance. Utaona kila mwaka wa kodi, kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 5 Aprili, na kama mwaka huo umejaa au una pengo.

JSA huangalia miaka miwili ya kodi iliyokamilika kabla ya mwaka wa mafao unaoombea. Mwaka wa mafao nao una kalenda yake: huanza Jumapili ya kwanza ya Januari. Hapa ndipo watu hupoteza haki yao bila kujua, kwa hiyo tuangalie taratibu. Tuseme ulifika Uingereza na kuanza kazi Mei 2023, ukaachishwa Novemba 2025. Ukiomba Novemba hiyo hiyo, unapimwa kwa mwaka wa 2022/23 na wa 2023/24. Mwaka wa kwanza hukuwepo nchini, rekodi ni tupu, jibu ni hapana. Ukiomba baada ya Jumapili ya kwanza ya Januari 2026, unapimwa kwa 2023/24 na 2024/25, miaka yote miwili uliyofanya kazi. Mtu yule yule, makato yale yale, majibu mawili tofauti kwa sababu ya wiki chache. Aliyekataliwa Novemba na akaishia hapo amejinyima mwenyewe.

Jambo la pili la kutazama ni kima cha chini. Makato huhesabiwa kwa wiki ambazo mwajiri mmoja alikulipa angalau kiwango fulani, ambacho kwa miaka ya karibuni kilikuwa pauni 123 kwa wiki na kwa 2025/26 ni pauni 125. Nimesema mwajiri mmoja. Dada anayesafisha ofisi asubuhi kwa pauni 110 kwa wiki na nyingine jioni kwa pauni 110 anapata 220 mkononi, lakini kwa kawaida kazi hizo mbili hazijumlishwi, na rekodi yake inaweza kuonyesha pengo mwaka mzima. Na aliyejiajiri mwenyewe, dereva wa teksi kwa mfano, makato yake ya kujiajiri hayamfikishi kwenye JSA.

Hatua ya pili: kama miaka miwili imejaa, omba JSA mara moja

Ombi hufanywa kwenye gov.uk. Ukishindwa na kompyuta, piga 0800 055 6688. Simu ni ya bure, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Usione haya kuomba mkalimani hata kama Kiingereza chako ni kizuri cha kazini. Kiingereza cha fomu ni kingine.

Kaa na namba yako ya National Insurance, maelezo ya benki, tarehe halisi za kazi yako ya mwisho na sababu ya kuondoka, na P45, hati ya kuondoka kazini, kama mwajiri ameshakupa. Ikiwa bado hajakupa, usingoje. Omba kwanza, P45 itafuata.

Malipo ni pauni 92.05 kwa wiki kwa mwenye miaka 25 na kuendelea, pauni 72.90 kwa aliye chini ya hapo. Huingia kila wiki mbili, kwa muda usiozidi siku 182. Siku saba za mwanzo hazilipwi. Kwa ujumla, mtu wa miaka 30 aliyekaa bila kazi muda wote huo atapata kama pauni 2,390. Si utajiri, lakini ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na wala hakuna atakayekuuliza shemeji analipwa ngapi. Akiba yako pia haiguswi. Kinachoweza kuipunguza ni kazi ndogo ndogo unayofanya mwenyewe, na pensheni binafsi inayozidi pauni 50 kwa wiki. Ukifanya kazi, iwe chini ya saa 16 kwa wiki.

Kumbuka JSA inatozwa kodi ya mapato, UC haitozwi. Kwa wengi haileti tofauti, maana kiwango kisichotozwa kodi ni pauni 12,570 kwa mwaka, lakini kama ulipata mshahara mzuri kabla ya kuachishwa, itahesabiwa pamoja.

Swali la sababu ya kuondoka kazini lijibu kwa ukweli na kwa ukamilifu. Ukiandika tu "niliacha", bila maelezo, wanaweza kuona umeacha kwa hiari na kukusimamishia malipo hadi siku 91. Kama uliacha kwa sababu ulinyanyaswa, au zamu zilibadilishwa ukashindwa kumpeleka mtoto shule, au daktari alikushauri, liandike hilo, na useme ulijaribu kufanya nini kabla ya kuondoka. Barua pepe moja kwa msimamizi wako ina uzito kuliko aya tano za malalamiko.

Hata kama fedha zenyewe hustahili, unaweza kuomba JSA ya kupata alama za National Insurance tu bila malipo. Hii ina maana kwa uzee wako: pensheni mpya ya serikali inahitaji angalau miaka 10 kwenye rekodi, na kuipata kamili kwa kawaida ni miaka 35. Mtu aliyekuja huku akiwa na miaka 38 hana mwaka wa kuchezea.

Hatua ya tatu: kabla ya kugusa UC, soma kibali chako

Ukiwa raia, au una ukaazi wa kudumu, au ni mkimbizi uliyekubaliwa, ruka sehemu hii.

Wengine, ingia kwenye eVisa yako, yaani rekodi ya kibali chako mtandaoni, uone kama kuna sharti la kutotumia fedha za umma. Waliokuja kwa viza ya mwenzi au ya kazi wengi wanalo. UC ni fedha za umma. Punguzo la Council Tax, kodi ya halmashauri, ni fedha za umma. Child Benefit, posho ya watoto, ni fedha za umma. Ila JSA ya kuchangia si fedha za umma, kwa sababu inatoka kwenye makato yako. Nimeona watu wenye viza wakiogopa kuomba kitu walichokilipia kwa miaka mitatu, na wengine wakijaza UC bila wasiwasi wowote. Ni kinyume kabisa.

Kama mmoja wenu ana sharti hilo na mwingine hana, yule asiye na sharti anaweza kuomba UC. Lazima amtaje mwenzake. Mshahara na akiba za wote wawili zitahesabiwa, lakini kiwango cha msingi kitakuwa cha mtu mmoja, pauni 400.14 kwa mwezi badala ya 628.10 ya wawili. Hata hivyo, muone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hamjabonyeza kitufe, si baada.

Hatua ya nne: piga hesabu ya UC kwenye karatasi

Kwanza, nani ni mwenzi? Kwa UC, mkiishi pamoja kama mume na mke ninyi ni wenzi, muwe na cheti au la. Nikahi ya msikitini isiyosajiliwa serikalini haiwafichi. Ukiomba kama mtu mmoja na mumeo analala humo, huo ni udanganyifu, na fedha zitarudishwa hadi senti ya mwisho.

Pili, mna nini? Akiba ya pamoja chini ya pauni 6,000 haihesabiwi. Kati ya 6,000 na 16,000, kila pauni 250 au sehemu yake inapunguza UC kwa pauni 4.35 kwa mwezi. Zaidi ya 16,000, hakuna UC. Sasa sikiliza vizuri: mali iliyoko nje ya Uingereza nayo ni mali. Kiwanja cha Kigamboni chenye hati kwa jina lako, nyumba ya kupangisha Mombasa, fedha za M-Pesa, zamu yako ya upatu iliyokwisha kuingia, vyote vinatajwa. Nyumba hukadiriwa kwa bei ambayo ingeuzwa, ikatolewa asilimia 10 ya gharama za kuuza na madeni yaliyomo. Na kumwandikia kaka yako kiwanja wiki moja kabla ya kuomba hakusaidii. Wakiona umejiondolea mali ili upate mafao, wanaihesabu kana kwamba bado unayo. Anayejua ana nyumba nzuri nyumbani aishie kwenye JSA, ambayo haiulizi habari za nyumba.

Tatu, hesabu yenyewe. Jumlisha kwanza mnachostahili kabla ya mshahara, kisha punguza senti 55 kwa kila pauni ya mshahara wa mkononi, yaani baada ya kodi, National Insurance na mchango wa pensheni. Wenye watoto, au mwenye ugonjwa uliothibitishwa kupunguza uwezo wa kazi, huachiwa sehemu ya mshahara isiyoguswa: pauni 411 kwa mwezi kama UC inawasaidia kodi ya nyumba, pauni 684 kama haisaidii. Wasio na watoto hawana nafuu hiyo. Kwao makato huanzia pauni ya kwanza kabisa.

Chukua wawili wasio na watoto, wote wamevuka 25, wanaishi kwa shangazi bila kulipa kodi ya nyumba. Kiwango chao ni 628.10. Mke akileta nyumbani zaidi ya pauni 1,142 kwa mwezi, UC inaisha kabisa. Kwa hao wale jamaa zangu watatu walisema kweli.

Wawili hao hao wapange chumba ambacho UC inakubali kukilipia pauni 800. Sasa kiwango ni 1,428.10. Mke analeta 1,500. Asilimia 55 ya hiyo ni 825. Inabaki UC ya pauni 603.10 kila mwezi.

Tena, familia ya watoto wawili waliozaliwa baada ya Aprili 2017, kodi ya nyumba inayokubaliwa ni 900. Msingi 628.10, watoto 292.81 kila mmoja, jumla pamoja na kodi ni 2,113.72. Mume analeta 1,900. Toa 411 isiyoguswa, inabaki 1,489. Asilimia 55 yake ni 818.95. UC ni pauni 1,294.77. Ni kaya ngapi za namna hii zimekaa kimya kwa sababu "baba anafanya kazi"?

Tahadhari kuhusu neno "inayokubaliwa". Kwa aliyepanga nyumba ya mtu binafsi, UC hulipa hadi kikomo cha eneo na idadi ya vyumba mnavyostahili. Ukilipa 1,300 na kikomo ni 900, hesabu 900. Mwenye mkopo wa nyumba hapati sehemu hii ya kodi ya nyumba.

Nne, je, JSA na UC zinapatana? Unaweza kupata zote, ila JSA inatolewa kwenye UC pauni kwa pauni. JSA ya pauni 92.05 kwa wiki ni kama 398.88 kwa mwezi; kwenye mfano wa chumba, UC ingeshuka toka 603.10 hadi 204.22. Jumla ni ile ile. Bado mimi ningeomba zote, kwa sababu JSA huanza mapema, na mwezi ambao mshahara wa mwenzi unaifuta UC, JSA inabaki.

Hatua ya tano: kuomba UC mkiwa wawili

Kila mmoja anafungua akaunti yake mwenyewe kwenye gov.uk, kwa barua pepe yake na simu yake. Wa kwanza hupewa msimbo wa kuunganisha, anampa mwenzake, na akaunti zinaungana kuwa ombi moja. Msitumie barua pepe moja. Nimewahi kukaa na wanandoa hadi saa sita usiku kwa kosa hilo hilo: mume alijaza zote mbili kwa simu yake, namba za uthibitisho zikawa zinagongana, ikabidi kuanza upya.

Aliyeko kazini lazima naye athibitishe utambulisho wake na kukubali ahadi ya mdai, yaani makubaliano ya mtafanya nini mkilipwa. Mmoja akikataa, ombi la wote linaanguka. Kwa hiyo zungumzeni kabla. Wapo waume wasiotaka mshahara wao uonekane na mke, na UC itauonyesha: mwajiri hutuma taarifa za mshahara kwa HMRC, nazo huingia kwenye hesabu yenu kila mwezi.

Fedha huingia kwenye akaunti moja ya benki. Mnachagua ninyi. Ushauri wangu ni iwe ya yule anayelipa kodi ya nyumba na kununua chakula. Kukiwa na ukatili nyumbani, au mmoja anamnyima mwenzake matumizi, inaweza kuombwa igawanywe. Mwambie mshauri wenu wa ajira wa Jobcentre faraghani.

Siku ya kuomba ina maana. Tarehe utakayowasilisha ndiyo itaanza mwezi wenu wa hesabu, na itabaki hivyo. Mshahara wa mwisho wa kazi uliyoachishwa ukiingia ndani ya mwezi wa kwanza, utakula malipo ya kwanza. Kama unajua mshahara huo unaingia Ijumaa, mara nyingi ni afadhali kuomba Jumamosi. Lakini usicheleweshe wiki tatu kwa hesabu za ujanja, kwani UC hurudisha nyuma mwezi mmoja tu na kwa sababu chache sana.

Malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano. Kuna malipo ya awali mnayoweza kuomba siku hizo hizo, hadi kiasi chote cha mwezi wa kwanza. Hayana riba, lakini ni deni: hukatwa kidogo kidogo, kwa muda hadi miezi 24. Chukueni ya kodi na chakula, si zaidi. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao za kulipwa mara mbili kwa mwezi.

Hatua ya sita: kuishi na UC mshahara ukiwa unaendelea kuingia

Tazameni mwenzi analipwa kila lini. Anayelipwa kila wiki nne hupata mishahara 13 kwa mwaka, na kuna mwezi mmoja wa hesabu ambao mishahara miwili itaangukia humo. Mwezi huo UC itashuka sana au itasoma sifuri. Si kosa na si adhabu. Wekeni akiba kwa ajili yake, na ikisoma sifuri, mwezi unaofuata ingieni kwenye akaunti mdai tena. Ndani ya miezi sita si ombi jipya la kuanzia mwanzo. Anayelipwa kwa mwezi ni tofauti: mishahara miwili ikigongana kwa sababu benki ilifungwa wikiendi, andikeni kwenye shajara ya akaunti, yaani sehemu ya kuandikiana ujumbe na ofisi ya UC, mkiomba mmoja uhamishiwe mwezi wake. Kanuni inaruhusu hilo tangu Novemba 2020.

Kila kitu kiandikwe kwenye shajara hiyo, hata kama umeshamwambia mshauri kwa mdomo. Mshauri hubadilika, maandishi yanabaki. Ukikosa miadi bila sababu na ukaadhibiwa, adhabu ya mmoja hugusa nusu ya kiwango chenu cha msingi, si chote.

Msiba ukitokea nyumbani, toa taarifa kabla ya kupanda ndege. UC inaweza kuendelea hadi mwezi mmoja ukiwa nje, na kuongezwa mwezi mwingine ukifiwa na ndugu wa karibu, lakini usipotoa taarifa wataona mihuri ya safari na kudai fedha zao. Ukiwa unalipwa JSA, uliza kwanza. Kanuni zake za kusafiri ni kali zaidi.

Na dawa: kuwa kwenye UC hakukupi dawa bure England moja kwa moja. Mshahara wenu wa mkononi kwa mwezi uwe haukuzidi pauni 435, au pauni 935 kama mna mtoto. Mwenye mwenzi anayefanya kazi mara nyingi amevuka. Ukitia alama kwenye kisanduku cha UC pale famasi bila kustahili, faini inaweza kufika pauni 100 juu ya bei ya dawa.

Hatua ya saba: vitu vidogo vinavyosahaulika

Punguzo la Council Tax haliji pamoja na UC. Linaombwa kwa halmashauri yenu, kwa fomu yao, na kila halmashauri ya England ina mpango wake. Ombeni siku ile ile mnayoomba UC.

Child Benefit ni pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayefuata. Iwe kwa jina la asiyefanya kazi, kwa sababu mtoto akiwa chini ya miaka 12 inamjazia rekodi ya National Insurance. Hata kama mwenzi analipwa zaidi ya pauni 60,000, ambapo huanza kukatwa, jazeni fomu. Mnaweza kukataa fedha mkabaki na alama.

Marriage Allowance watu wetu hawaijui kabisa. Kama mapato yako ya mwaka mzima hayafiki pauni 12,570 na mwenzi ni mlipa kodi wa kiwango cha kawaida, unamhamishia pauni 1,260 za nafuu yako ya kodi, naye anaokoa hadi pauni 252 kwa mwaka. Anayeomba ni mwenye kipato kidogo, na inaweza kurudi nyuma miaka minne. Hii inataka ndoa inayotambulika kisheria. Ndoa iliyosajiliwa Tanzania au Kenya inafaa. Nikahi iliyofungwa huku bila usajili haitoshi. Ajabu yake ni kwamba nikahi hiyo hiyo UC inawahesabu kuwa wenzi na kodi inawakana.

Pia, kama umekaa wiki nne bila kazi na hulipwi mafao yanayotozwa kodi kama JSA, unaweza kuomba HMRC ikurudishie kodi uliyokatwa zaidi mwaka huo kwa fomu ya P50. Usiingoje Aprili.

Hatua ya nane: wakikataa au wakikosea

Uamuzi wowote una mwezi mmoja wa kuomba uangaliwe upya. Kwa UC andika kwenye shajara: taja tarehe ya uamuzi, sema unaomba uangaliwe upya, kisha eleza kosa liko wapi kwa sentensi chache na uambatanishe ushahidi. Kwa JSA, barua au simu kwa namba iliyo juu ya uamuzi. Piga picha ya kila unachotuma.

Jibu la pili likiwa hapana tena, una mwezi mwingine kwenda mahakama ya rufaa za mafao, ambayo haiko chini ya waliokukatalia. Hakuna ada. Ofisi za Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, husaidia bure kujaza fomu. Kwenye kesi za JSA, kitu cha kwanza cha kubeba ni chapa ya rekodi yako ya National Insurance ikionyesha miaka miwili inayohusika, na slipu za mshahara za wiki zile ambazo mwajiri hakuziripoti.